Kiwiko, madam

Muhula mzima nilimpigia kelele binti mmoja wa kidato cha pili ninayemfundisha kurusha mkuki: "Inua kiwiko!" Na muhula mzima alinijibu, "Nimeinua, madam." Hakuwa mbishi. Kwa anavyojihisi, kiwiko kilikuwa juu. Mimi nilikiona kiko chini ya bega, na mkuki wetu wa mwanzi ukitoka kama maji machafu yanayomwagwa uani.

Siku moja nikaifunga simu yangu kwenye kiti kwa mpira wa manati, nikaielekeza upande wa mkono wake wa kulia, nikaweka mwendo wa polepole: picha 240 kwa sekunde. Zikichezwa 30 kwa sekunde, tendo la sekunde moja unalitazama kwa sekunde nane. Akarusha, akaja mbio. Jua la saa nane halikuachi uone kioo, basi tukajifunika khanga yangu, vichwa pamoja, kama wagonjwa wanaojifukiza. Akatazama mara mbili.

"Kumbe!"

Akarudi kwenye mstari kabla sijasema neno.

Wanaoniambia simu uwanjani ni upuuzi huwa nawatajia Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza mkuki kwa video za YouTube na kutwaa dhahabu ya dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Ila Yego alikuwa akiwatazama wengine. Wangu nataka wajitazame wenyewe, tena papo hapo, mkono ukiwa bado unakumbuka. Niliwahi kuwaonesha jioni, darasani. Waliishia kuchekana kaptura.

Kisha nikanogewa. Nikarekodi kila mrusho. Haikupita muda, mtoto anarusha na hata hageuki kuona mkuki umetua wapi, macho yote kwenye simu. Chaji ilipokata siku moja, wakasimama wananitazama kana kwamba mazoezi yamekwisha. Kosa hilo ni langu.

Siku hizi wanarusha mara tatu bila simu, ya nne ndiyo narekodi. Na kabla hatujaingia chini ya khanga, mrushaji anieleze kwanza kiwiko kilikuwa wapi. Juzi yule binti alifikiri kidogo, akasema, "Kilishuka, madam, mwishoni pale." Tukafungua video. Kilishuka, mwishoni pale.

Mguu wake wa kushoto nao bado unakunjika kama anayetafuta kigoda. Huo Jumatatu, khanga ikiwa imekauka.