Mimi Ndiye Niliyekuwa Mdogo Mezani

Mwaka 2020 nilikuwa na miaka 43, watoto wawili wakubwa na goti moja bovu, na bado usiku wa Jumatano tarehe 8 Aprili nilihesabiwa mtoto.

Nilikuwa nikimtunza mama mmoja wa Kiyahudi huko Golders Green, kaskazini mwa London. Alikuwa na miaka 88. Nilimwita Bibi, na nilipomweleza kwamba kwetu Mombasa ndivyo tunavyomwita nyanya, hakutaka tena jina jingine. Kabla ya corona nilikuwa nikienda asubuhi na kurudi kwangu jioni. Siku chache kabla serikali haijafungia watu majumbani tarehe 23 Machi, bintiye anayeishi Jerusalem alinipigia simu: ama nihamie pale kabisa, ama nisije tena, maana kupanda basi kila siku nitamletea mamake ugonjwa. Nikafunga begi moja, mswala na kopo langu la chooni, nikahamia.

Mambo yao nilidhani nayajua. Nguruwe hatuli sote, na nyama yao ina mchinjaji wake kama yetu. Lakini kule maziwa na nyama havikutani hata kwenye sinki. Mwaka wa kwanza niliwahi kukoroga chai ya maziwa kwa kijiko cha nyama, nikatazamwa kana kwamba nimekanyaga msahafu. Na mvinyo wao akiushika asiye Myahudi hawaunywi tena, isipokuwa ule uliopikwa. Hilo liliniudhi siku ya kwanza. Baadaye nikaona ni nafuu yangu: pombe yao wajimiminie wenyewe.

Pesach, sikukuu ya kutoka Misri, huja na usafi ambao hata mama yangu na maandalizi yake yote ya Idi hauwezi. Kwa siku nane hakutakiwi kuwa na mkate wala biskuti ndani ya nyumba, hata punje iliyoingia katikati ya kurasa za kitabu. Kinachobaki hufungiwa kabatini na kuuzwa kupitia rabi kwa mtu asiye Myahudi, kisha hununuliwa tena sikukuu ikiisha. Mwaka huo mauzo yalifanywa kwa fomu ya intaneti, mimi nikibonyeza naye akinisomea. Nikamuuliza kwa nini asiniuzie mimi, niko hapo hapo.

"Wewe utazila kweli," akasema.

Mayai ndiyo yaliyotuhangaisha. Jiko lisilo na unga huishi kwa mayai, na rafu za maduka zilikuwa nyeupe. Jirani mmoja akatuachia trei zima mlangoni, akabonyeza kengele na kurudi nyuma mpaka getini, tukapungiana mikono kama watu walio kwenye vyombo viwili baharini.

Usiku wa kwanza wa Pesach familia hula pamoja na kusoma kitabu cha kutoka Misri. Mwaka wa nyuma walikuwa watu 19 kwenye meza ile, viti vingine vya kuazima. Sasa sinagogi zimefungwa, kijana wake yuko Manchester, na Jerusalem nako Israeli ilikuwa imepiga marufuku watu kutoka usiku wa sikukuu. Bintiye akataka tuwashe tableti kabla jua halijatua tuiache wazi, mama awaone wajukuu. Marabi kadhaa wa huko walikuwa wameruhusu jambo hilo kwa ajili ya wazee walio peke yao. Wengine walikataa katakata. Bibi hakumngoja rabi yeyote. Hajawahi kutumia kitu cha umeme siku takatifu, haanzi akiwa na miaka 88. Bintiye akalia kwenye simu. Mimi nilikuwa upande wa binti, na nilisema. Bibi akaendelea kumenya viazi.

Basi wajukuu walimwimbia saa kumi alasiri, kungali mchana kweupe, kisha akaniamuru nizime. Saa moja baadaye, ambayo Mombasa ni saa moja ya usiku, kaunti yetu ikafungwa pamoja na Kilifi na Kwale, hakuna kuingia wala kutoka. Mama yangu alikuwa Mji wa Kale, na dada yangu ambaye humwendea kila mwisho wa wiki yuko Voi. Bibi alinikuta nimesimama jikoni na simu mkononi. Hakuniuliza kitu. Alisema tu kwamba leo sitahudumu, nitakaa.

Giza lilipoingia tukakaa, yeye na mvinyo wake, mimi na juisi ya zabibu. Kule kwao anayeuliza maswali manne ya usiku ule ni mdogo kuliko wote mezani, na mtu akiwa peke yake hujiuliza mwenyewe. Bibi akanisukumia kitabu chenye Kiebrania kilichoandikwa kwa herufi za Kizungu. "Hapa mdogo ni wewe."

Nikasoma. Ma nishtana ha-laila ha-ze mi-kol ha-leilot. Nikasimama hapo hapo. Laila, usiku kwa Kiarabu, naijua tangu chuo cha Kurani, na hiyo kol si ndiyo kulla yetu ya "kulla siku"? Usiku huu una tofauti gani na kulla usiku! Nikamwambia, akanirudisha mwanzo nisome tena. Tulipofika kwenye mapigo kumi ya Misri, unachovya kidole kikombeni na kudondosha tone moja sahanini kwa kila pigo. La kwanza akalitaja: dam. Nikasema damu. Akanitazama juu ya miwani, akasema sasa twende polepole, tuone ngapi nazijua.

Karibu na mwisho hufunguliwa mlango wa mbele kumkaribisha nabii Eliya.

"Nifungue kweli? Serikali imekataza wageni."

"Huyo hakohoi."

Nikafungua. Baridi ikaingia. Barabara haikuwa na gari hata moja, lakini nyumba ya tatu mlango wao nao ulikuwa wazi, mwanamume anaimba kwa sauti ya kukwaruza, na ng'ambo mwingine akamdakia. Nilisimama pale muda mrefu kuliko Eliya alivyohitaji.

Mwaka huo siku mbili takatifu za mwanzo wa sikukuu ziliungana na Sabato, kwa hiyo kuanzia Jumatano usiku hadi Jumamosi usiku Bibi hashiki simu. Israeli sikukuu ya mwanzo ni siku moja tu, kwa hiyo Alhamisi usiku binti alishakuwa huru, naye akanipigia. Nikajibia ukumbini, mlango wazi, nikitangaza kama mtangazaji wa mpira: amekula, ameshika kitabu, amekunja uso, anasema supu ina chumvi. Bibi upande wa pili akijibu hewani, kana kwamba anazungumza na pazia. Jioni hiyo hiyo saa mbili mtaa mzima ulikuwa umetoka na masufuria kuwapigia makofi wauguzi na watunzaji. Bibi naye alisogeza kiti dirishani akapiga makofi, ila alinigeukia mimi.

Mwisho wa Aprili ukaingia Ramadhani, misikiti imefungwa. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale nao ukazingirwa, Mama akawa hata sokoni Marikiti hafiki. Nilikuwa nikifuturu jikoni kwa Bibi, simu imeegemea kopo la sukari, Mama akiwa usingizini kwake maana kule ni karibu saa tano usiku. Jumamosi tulikaa dirisha moja, mimi nangoja jua lizame, yeye anangoja nyota tatu ndogo zinazoitoa Sabato, ambazo London mwezi huo huchelewa zaidi ya saa nzima baada ya magharibi. Nilikuwa nimeshamaliza tende, uji na kaimati mbili, yeye bado ana nyota moja.

"Nyinyi mna haraka," akaniambia.