Deki ya uwani: mbao zilonitia hasara na zilonifaa

Nlipomwambia fundi nataka deki uwani akanijibu "si ununue dekio tu sheikh", akadhani nataka kupiga deki. Nkamuonesha picha kwenye simu ndo akaelewa, aah kumbe wataka baraza la mbao. Basi sawa, baraza la mbao, futi 10 kwa 12, huku kwetu Jambiani, pwani ya Unguja, mama apate pahala pa kukaa jioni.

La kwanza nliliharibu mwenyewe. Nlikwenda mjini nkachukua misonobari mitupu isopigwa dawa kwa vile ilikuwa rahisi, misumari ya kawaida, na miguu tukaichimbia chini, na huku kwetu chini ni mawe matupu siku mbili tunahangaika na mtaimbo. Ikaja masika moja tu. Kila msumari ukatoa machozi ya kutu, halafu siku moja nkaona mguu wa pembeni una kijinjia cha udongo kinapanda mpaka juu, nkadunga bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini kama nadunga mkate wa kumimina. Mchwa washakula ndani wameniachia ganda. Na lile shimo nlilolitolea jasho ndo mlango wao walopitia.

Mara ya pili skukimbilia dukani, nkaanza kuuliza watu. Mmoja akasema mnazi, na kweli mnazi mzee ule upande wa nje ni mgumu mpaka unafanya msumeno butu, lakini ndani ni laini na ukigusa udongo unaoza upesi. Boriti za mikoko kukata kunataka kibali, na zile za duara utazikaliaje? Mninga nlipoambiwa bei nkaaga. Nkabakia na mtiki kwa juu, na msonobari wa dawa, ule wa kijani kijani, kwa chini kusikoonekana.

Sasa mtiki nao usinunue kwa jina, hapa ndo watu wengi tunapoibiwa macho wazi. Kitazame kichwa cha ubao pale ulipokatwa: katikati kahawia, pembeni mweupe kama maziwa ya chai. Ile kahawia ndo kiini, ndo inayodumu, ule weupe mchwa anaula kama mti mwengine wowote, na mtiki ulokatwa mchanga una weupe mwingi. Muuzaji aliniona nageuza geuza mbao akanuna, lakini kati ya mbao 30 nlizirudisha 11. Nlizozichukua nkazipanga kivulini na vijiti katikati wiki tano, maana mbao mbichi ukiigonga leo mwezi ujao imejikunja.

Miguu safari hii haigusi ardhi. Tulimwaga vitako vya zege, mguu ukakaa juu yake kwenye kikalio cha chuma. Mbao za chini ni inchi mbili kwa sita, moja kila baada ya inchi 16, za juu tukaziachia nafasi ya unene wa msumari wa inchi 4 ili maji yapite. Skrubu nlinunua za stenlesi, chuma kisoshika kutu upesi, ile daraja ya 316 wanayotumia kwenye maboti, ghali hasa lakini hewa ya chumvi hapa inakula galvanaizi, chuma kilopakwa zinki, ukiitazama, na dawa ya zile mbao za kijani nayo ina shaba inazidi kukitafuna chuma.

Jambo moja lilinitisha. Vipande vilobaki nlivirundika ukutani, nkarudi kutoka msikitini nkamkuta mama anavipeleka jikoni kuwashia moto wa mkate. Nkapiga kelele "mama wacha!" akaniona nna wazimu. Dawa ile aghlabu ina aseniki, moshi wake sumu na jivu lake sumu, usiipikie wala usiichome uwani. Nlivizika shimoni mbali na kisima.

Kupaka je? Mzee mmoja wa Nungwi anayeunda vyombo akanambia "mwanangu paka sifa, mashua zote twapaka hiyo", yaani mafuta ya ini la papa. Nkanunua kidumu, nkapaka ubao mmoja wa kujaribu. Mke wangu akafungua dirisha, akalifunga, akasema ama mimi ama papa wako huyo. Mbao nyengine nkazipaka mafuta ya linisidi, yale ya mbegu za kitani. Ule ubao mmoja wa sifa bado upo pale pembeni, paka wa mtaa mzima wanalala juu yake.