Nilivyochagua themostati kwa kufuata nyaya

Nyumba nyingi za Lexington, Kentucky, zisizo na bomba la gesi hutegemea mashine moja iliyokaa nje ya ukuta kwa joto la Januari na ubaridi wa Julai. Ni pampu ya joto. Wakati wa joto inatoa joto ndani na kulitupa nje kama kiyoyozi chochote. Baridi ikiingia inageuza mwelekeo, inachukua joto lililomo kwenye hewa ya nje (limo, hata kama unaona barafu) na kulileta ndani. Yangu ina kompresa, yaani injini ya pampu, ya ngazi mbili. Ngazi ya kwanza inatumia takriban theluthi mbili ya nguvu, ya pili inafungulia zote. Zaidi ya hapo, ndani ya mashine ya feni iliyoko stoo kuna hita za umeme za kilowati 10, ambazo ni akiba ya siku mbaya. Mwenye kuamua kipi kiwake na kwa muda gani ni kile kiboksi kidogo cha ukutani, yaani themostati.

Kiboksi nilichokikuta kilikuwa cha betri, kioo kimefifia, lakini kinafanya kazi. Kilichonikera ni neno AUX. Baridi ikikaza kidogo tu, hata siku ambayo watoto wanatoka bila kofia, neno hilo lilijitokeza kwenye kioo, maana yake hita za akiba zimewaka. Hita ya kilowati 10 ikiwaka saa nzima inakula uniti 10. Kwa mita ya LUKU ya nyumbani Tanzania ungeziona zikiyeyuka huku umesimama. Pampu yenyewe, katika baridi ya kawaida, kwa kila uniti moja ya umeme huleta ndani joto la uniti mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Ukiona akiba inawaka mapema hivyo, kuna jambo.

Nilikuwa karibu kwenda dukani kununua themostati ile yenye kioo cha kupendeza. Jamaa mmoja Mkongomani tunayesali naye, fundi wa mashine hizi, akanizuia: "Kaka, usinunue kitu mbele ya kuangalia mashine." Nikamsikiliza, na sasa naona hilo ndilo lililoamua kila kitu kilichofuata.

Nilizima breka mbili, ya mashine ya ndani na ya nje. Nyaya za themostati hizi ni za volti 24 tu, hazikurushi, lakini ukigusisha mbili kwa bahati mbaya unaunguza fyuzi kwenye bodi. Nikavuta kifuniko, nikapiga picha. Kila waya umeingia kwenye tundu lenye herufi: R ndio unaoleta umeme, C unaurudisha, Y unaita kompresa, G feni, O unageuza mwelekeo wa pampu, W2 unaita hita za akiba. Rangi zisikudanganye. Kwa desturi mwekundu ni R na njano ni Y, lakini aliyefunga anaweza kutumia waya wowote alioukuta mkononi. Soma herufi upande huu na upande wa mashine pia.

Sasa tazama hili. Nyuma ya kifuniko, waya wa kahawia ulikuwa umekunjwa na kuzungushwa kwenye ganda la kebo, haujaingia popote. Niliufuata hadi kwenye mashine ya ndani, nikafungua mlango wake. Kule ulikuwa umefungwa vizuri kabisa kwenye Y2, yaani ngazi ya pili ya kompresa. Aliyeweka ile themostati kabla yangu aliweka ya ngazi moja ya kompresa, haikuwa na tundu la Y2, basi akauacha waya. Kwa hiyo kompresa ya ngazi mbili ilikuwa inaendeshwa kama gari lisiloruhusiwa kutoka gia ya kwanza. Joto la ngazi ya kwanza lilipopungua, themostati ilirukia moja kwa moja hita za umeme, kwa sababu kwake hizo ndizo zilizofuata.

Hapo ununuzi ukawa hesabu. Kompresa ngazi mbili na hita za akiba fungu moja: upande wa joto ngazi tatu, upande wa ubaridi mbili. Kwenye maboksi huandikwa 3H/2C, H ikiwa joto na C ubaridi. Ila soma maandishi madogo, maana themostati moja huwa na hesabu mbili: moja kwa nyumba yenye pampu ya joto, nyingine kwa nyumba yenye hita ya gesi na kiyoyozi. Iliyoandikwa kwa herufi kubwa si lazima iwe yako.

Waya wa C ulikuwapo, kwa hiyo hata zile za intaneti, ambazo nyingi betri pekee hazizitoshi, ziliwezekana. Wasio nao huweza kufunga adapta au kuvuta kebo mpya. Na kama ukifungua ukuta ukakuta nyaya nne zenye A, B, C, D, acha kabisa: hizo mashine zinazungumza lugha ya kampuni yake, na themostati ya dukani haitaielewa.

Kufunga hakukuwa na hadithi. Mipangilio ndiyo iliyohitaji utulivu. Kwanza aina ya mfumo: ukichagua hita ya kawaida mahali pa pampu ya joto, hita za umeme zinaweza kubeba kazi yote huku kompresa imelala, nyumba ina joto na hakuna anayeshtuka hadi bili ifike. Pili, O au B. Mashine nyingi hupeleka umeme kwenye waya huo wakati wa ubaridi (O), chache wakati wa joto (B). Niliita joto, nikasubiri dakika kama tano kwa sababu themostati huichelewesha kompresa kuilinda, nikaweka mkono kwenye tundu la hewa. Joto lilikuja. Lingekuwa ubaridi, ningebadili chaguo hilo tu.

La tatu ndilo lililonifanya nilipie zaidi kidogo: uwezo wa kusoma hali ya hewa ya nje na kuzifungia hita za akiba. Yangu haiziruhusu nje ikiwa juu ya digrii 35 za Fahrenheit, karibu nyuzi 2 za Selsiasi. Usiku pia sishushi sana, kutoka 68 hadi 66 basi. Ukishusha hadi 60, asubuhi themostati inaona pengo kubwa na kuita kila kitu kwa pamoja, na ulichookoa usingizini kinarudi kwenye hita.

Faida ambayo sikuitegemea, ya kompresa yenyewe ya ngazi mbili, imekuja na joto la Julai, ambalo kwa unyevu halipishani sana na la Dar. Ngazi ya kwanza inakwenda polepole kwa muda mrefu, maji yanadondoka kwenye bomba la nje mchana kutwa, na shuka hazinati mwilini.

Kuna chaguo moja nimewakataza wageni wasiliguse: EM HEAT. Linazima pampu kabisa na kuacha hita za umeme peke yake. Ni la siku ambayo mashine ya nje imekufa na fundi bado hajafika.