Siku moja na "dada wa kompyuta": sistimu ya hospitali inavyoingia kipande kwa kipande

Saa 11 alfajiri simu inaita, wodi ya wazazi. Sista wa zamu ya usiku hana muda wa salamu ndefu: "Dada wa kompyuta, nina mapacha huku, sistimu inamkataa wa pili." Inamkataa maana mama mmoja, tarehe moja, wote wa kike, kwa hiyo inaona mtu kaandikwa mara mbili. Namwambia kwenye jina la kwanza aweke Kulwa na Doto kwanza, majina yenyewe tutabadili wakishapewa. Anacheka, anakata. Usingizi ndo umeondoka hivo.

Mi ni mtu wa TEHAMA kwenye hospitali ya wilaya huku kusini, kwenye korosho.

Saa 1 na nusu nipo chumba cha seva, zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Usiku umeme ulikatika kwa hiyo naangalia betri zimebaki ngapi, bakap imekamilika au imeishia njiani, swichi ya mtandao ya OPD, kwa wagonjwa wa nje, inawaka. Iko poa. Wageni huwa wanafikiri sistimu ni kitu kimoja kimekaa humu, kumbe ni moduli, yaani vipande vinavyojitegemea, na kila moja imeingia kwa awamu yake. Ya kwanza usajili na malipo, ya pili chumba cha dokta pamoja na famasia, ya tatu maabara tunaiwasha Jumatatu, wodi bado, af kuna utambuzi wa alama za vidole ambao tunaujaribu pembeni. Raha yake famasia ikigoma dokta anaendelea kuandika, hakuna kinachoanguka chote. Karaha yake zote zinasimama juu ya swali moja tu, huyu mtu ni nani?

Na hapo ndo nina ugomvi wangu na mpangilio. Kwetu ilianza dirisha la malipo, kontrol namba ya kulipia itoke, hela iende inakotakiwa. Sasa kwa keshia mtu akisajiliwa mara tatu kuna hasara gani, si zote zimelipwa? Moduli ya dokta ilipokuja ndo tukaona mzee mmoja ana faili tatu, sukari imeandikwa huku, presha kule, na ya tatu ndo ina ile dawa inayomdhuru. Ningepanga mimi tungekaa masijala kwanza tukasafisha majina, hela ingesubiri.

Saa 3, mapokezi, foleni imefika mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kidole tena?"

Kidole tena. Kile cha shahada kinakataa, cha gumba kinakataa, nafuta kioo cha mashine kwa pamba, narudia, hola. Amebangua korosho tangu msichana, na maganda yale yana mafuta yanayounguza ngozi, vidole vyake vimelainika kama vya mtu aliyeloweka mikono kutwa nzima. Waliouza wazo la vidole sidhani kama walikuja kukaa na wabanguaji. Bibi wala hana wasiwasi, anafungua pindo la kanga anatoa kikaratasi kimekunjwa mara nne, namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, imeandikwa kwa peni ya bluu, tarakimu zote 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, ila kwa wazee wetu hizo hazikusaidii sana, wengi waliandikishwa wameshakuwa watu wazima na tarehe ikawekwa ya kukadiria. Naiingiza, anatokea. Anatokea mara mbili! Jina moja limeandikwa Fatuma, lingine Fatma. Namwachia aende kwa dokta na faili yenye dawa zake, ile nyingine naiandika kwenye daftari langu, kuunganisha faili hakufanywi dirishani na foleni inakusukuma mgongoni, ukiunganisha watu wawili tofauti kuwatenganisha ni balaa.

Kuna mkubwa mmoja aliwahi kutaka kisanduku cha NIDA kiwe lazima, bila namba usajili usiendelee. Nikamuuliza, watoto je? Kitambulisho kinaanzia miaka 18, na leba inatoa watu wapya kila siku. Na tukikifanya lazima, foleni ikijaa mtu wa dirishani ataandika sifuri 20 apite, halafu tutakuwa na mgonjwa mmoja anaitwa sifuri mwenye magonjwa yote ya wilaya. Kikabaki cha hiari.

Saa 5 kijana wa fildi ananiuliza swali ambalo kila wa fildi analo, kwa nini wasinunue sistimu nzima wakamaliza? Namwambia aangalie OpenMRS, sistimu ya kumbukumbu za wagonjwa, imeanza 2004, watu wa Chuo cha Moi kule Eldoret, Kenya, na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, na kabla yake walishakuwa na kitu kidogo tu kwenye kituo cha afya cha Mosoriot. Walijenga kiini chenye mgonjwa, ziara na vipimo, halafu moduli zikawa zinachomekwa juu yake kila nchi kwa mahitaji yake. Kiini kwanza. Akauliza tena, je vikiungana vyote si kila mtu ataona kila kitu, mpaka ya CTC, kliniki ya wenye VVU? Swali zuri. Hapana, kila mtu anafunguliwa kwa kazi yake, keshia haoni majibu, na tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nikamtuma azunguke vyumba vyote abandue neno la siri popote alipokuta limebandikwa kwenye skrini. Alirudi na vikaratasi kiganja kimejaa.

Saa 8 wali samaki.

Saa 9 nakaa na mzee wa masijala tunapitia daftari. Sistimu inanipa asilimia za kufanana, yeye anaangalia mtaa na jina la balozi wa nyumba kumi, af anasema huyu na huyu ni mtu na shangaziye, usiguse. Bibi wa asubuhi yeye akapita, ni mtu mmoja, tukasaini wote wawili ndo nikaunganisha. Siku akistaafu huyu mzee sijui tutaweka moduli gani.

Saa 11 jioni maabara, mazoezi ya Jumatatu. Printa ya lebo inatoa lebo, unabandika kwenye chupa, unaiskani, jina linakuja, majibu yanarudi kwa dokta bila mtu kukimbia na karatasi. Inafanya kazi. Shida ni rejista. Wauguzi wa kliniki ya wajawazito mpaka leo wanaandika mara mbili, kitabu namba 6 cha MTUHA, vile vitabu vya takwimu za afya, na kwenye kompyuta, af mwisho wa mwezi mtu anahesabu kwa kidole kwenye kitabu ajaze DHIS2, sistimu ya takwimu za afya za taifa, huku kompyuta ina hesabu ileile imekaa kimya. Kuandika mara mbili mwanzoni sikatai, umeme wetu mnaujua, ila lazima useme mapema mwisho ni lini, usiposema hauji. Kwa hiyo na maabara nimekomaa, wiki mbili za kuandika kote, baada ya hapo rejista inafungiwa kabatini na inatoka tu siku sistimu imelala.

Mkuu wa maabara kanisikiliza mpaka mwisho, kakubali, kasema ufunguo atakaa nao yeye mwenyewe. Tumeshapeana mikono ndo ananiambia lile kabati kitasa chake kilikufa zamani, nimtafutie fundi kabla ya Jumatatu.