Jumapili tuliyoirudisha ki- ya gumbo

Mwaka 2014 nilikuwa nikifundisha Kiswahili cha mwanzo katika chuo kimoja cha New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani, nimepanga chumba cha uani kwa mama mmoja mzaliwa wa jiji hilo. Jumapili moja ya Julai, katika lile joto la kule linalonata mwilini, alinigongea mlango. "Mwalimu, njoo unisaidie kukata okra. Leo wanangu wote wanakuja kula gumbo." Gumbo ni mchuzi mzito wa kule, wa kulia wali.

Jikoni nilikuta beseni zima la bamia changa. Nikazikata kama nilivyofundishwa kwetu Dodoma, vichwa kwanza, halafu vipande vyembamba, na utelezi ukaanza kuvutika kwenye kisu. Kwetu utelezi ndio utamu wenyewe. Mlenda wa bamia tunautia magadi makusudi ili uzidi kuvutika, tunaulia ugali wa uwele, na mgeni asiyeuonja hahesabiki kuwa amefika Dodoma. Mama yule yeye alizikaanga bamia kwanza mpaka utelezi ukapungua. Kwenye sufuria nyingine nzito alikuwa akikoroga unga wa ngano ndani ya mafuta, polepole, bila kupumzika, hadi ukawa na rangi ya udongo wa kichuguu. Hapo vikaingia vitunguu, seleri na pilipili hoho, kisha supu ya kuku na soseji za moshi. Kaa na kamba walisubiri zamu yao mwishoni. Harufu ile nikiikumbuka hadi leo mate yananijaa.

Mjukuu wake wa darasa la sita alikuwa mezani na daftari la mapishi aliloliacha marehemu mama yake bibi. Ndilo lililoanzisha mjadala. Kila palipotajwa chakula kile, mwenye daftari alikuwa ameandika gombo, kwa o mbili. Kijana akasema huyo bibi wa zamani hakujua herufi, kwa sababu shuleni na kwenye mabango ya mikahawa yote neno ni gumbo.

Bibi akageuka, mwiko mkononi. "Mama yangu hakukosea kitu. Alisema Krioli kabla hajajua neno moja la Kiingereza."

Na haki ilikuwa upande wake. New Orleans ilianzishwa na Wafaransa mwaka 1718, na mwaka uliofuata meli za kwanza za watumwa kutoka Afrika zikatia nanga Louisiana. Krioli ya pale, lugha mchanganyiko yenye maneno mengi ya Kifaransa, ilizaliwa kati ya watu hao, na neno lile likaandikwa kama Mfaransa anavyolisikia: gombo. Marekani iliponunua Louisiana kutoka Ufaransa mwaka 1803, Kiingereza kikashika hatamu, na o ya mwanzo ikawa u. Ukilisikia leo midomoni mwa wenyewe, sisi tungeliandika "gambo".

Nikamweleza kijana jambo jingine nililolijua kutoka kwa rafiki zangu Wakongo. Mtu wa Lubumbashi au Bukavu akienda sokoni na Kifaransa chake akaomba gombo, hapewi mchuzi. Anapewa bamia. Kwa Kifaransa hilo ndilo jina la mboga yenyewe.

"Lakini mimi nililelewa nikiambiwa ni neno la Wachoctaw," bibi akasema. Akafungua kabati, akatoa kichupa cha unga wa kijani, majani ya mti wa sassafras yaliyosagwa, ambayo wao huyaita filé. Wachoctaw, wenyeji wa asili wa nchi ile, ndio waliowafundisha wageni kuupa mchuzi uzito kwa unga huo, na wako wanaoshikilia kwamba jina nalo ni lao. Nilimsikiliza kwa heshima, ila moyoni sikukubali. Unga ni wa Wachoctaw, hilo halina ubishi. Jina lakini liling'ang'ania bamia, na bamia ilitoka Afrika.

Kijana akaenda kuleta kamusi, ile nene ya shule. Akasoma kwa sauti: neno limepitia Kifaransa cha Marekani, asili yake ni Kibantu, linganisha na neno la Kiumbundu lenye maana ya bamia. Kiumbundu ni lugha ya nyanda za juu za Angola. Ile "Kibantu" ilinishtua. Nilikuwa nimelisikia neno lile mjini miezi yote, nimelila, nimelisifu, wala halikuwahi kunijia kwamba lina undugu na lugha yangu.

Aliyelimaliza fumbo ni mkwe wa bibi, mwanamke wa Puerto Rico, aliyekuwa akimenya kamba kwenye sinki. "Kwetu okra tunaiita guingambó," alisema. "Na Wacuba wanasema quimbombó."

Nikaweka kisu chini. Wiki hiyo hiyo darasani nilikuwa nikisomesha ngeli ya KI-VI, kisu, kiti, kitabu, na sasa ile ki- ilikuwa inanijia kutoka Karibi, imevaa tahajia ya Kihispania. Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme nikaandika: ki-ngombo. Ndivyo bamia inavyoitwa kwa Kimbundu, lugha nyingine ya Angola, ya Luanda na maeneo yake, na Luanda kwa karne nyingi ilikuwa bandari ya kupakia watumwa wa kuvushwa Atlantiki. Cuba na Puerto Rico neno lilifika na kiambishi chake. Louisiana ki- ilidondoka, ikabaki gombo.

Bibi aliishika ile bahasha, akaiangalia muda mrefu. "Kingombo," akatamka, vizuri kabisa. Kisha akauliza alichotaka kujua tangu mwanzo. "Kwa hiyo watu wangu ni wa huko?"

Ningependa sana kumjibu ndiyo. Nilimwambia ukweli: neno hupita kinywa kwa kinywa, na meli nyingi za enzi ya Wafaransa zilileta watu wa Senegambia, si wa Angola. Asili ya neno haiwezi kumpa mtu ukoo. Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Karatasi zetu zinakomea kwa mtoto wa kike," akasema. "Hana jina la baba. Ana bei." Hakuna aliyeongeza neno, na mkwe akafunga bomba la maji.

Baadaye akaniuliza, "Na ninyi kwenu mnaiitaje?"

"Bamia."

"Hilo ndilo la Kibantu?"

"Hapana, mama. Tumelipata kwa Waarabu."

Akacheka hadi akajishika kiuno. "Basi ninyi mmeazima kwa Waarabu, sisi tukawatunzia la kwenu!" Kijana naye akakimbilia kuangalia okra, akakuta kwamba nayo ni ya Afrika, imehusishwa na Kiigbo cha Nigeria. Nikamwambia atafute na goober, jina ambalo watu wa Kusini mwa Marekani huiitia karanga. Akarudi na nguba, neno la Kikongo na Kimbundu. Tangu hapo hakukalika tena. Kila kilichokuwa mezani alitaka kukijua kwao.

Wanawe walipofika, wali ukapakuliwa na gumbo juu yake, na hadithi ikasimuliwa upya kwa kila aliyeingia. Mimi nilishapewa bakuli la pili pale kijana alipochukua kalamu, akalivuta lile daftari la zamani, akataka kuongeza ki mbele ya kila gombo.

Bibi akamshika mkono. "Hilo ni la mama yangu, na limekamilika. Nenda dukani kesho ukanunue lako, uanze na ukurasa wa kwanza. Mwalimu atakukagulia herufi."