Pikapu ya kuvutia trela dogo: soma kwanza stika ya mlangoni

Ukiingia yadi ya magari Marekani kutafuta pikapu ya kuvuta trela la kulala, muuzaji atakutajia namba moja kabla hujauliza: hii inavuta pauni 6,500. Namba hiyo si ya uongo, lakini inaweza kukuponza. Kipimo cha SAE J2807, yaani kanuni ya chama cha wahandisi wa magari ya kupima uwezo wa kuvuta, ambacho watengenezaji wakubwa hukifuata, huhesabu watu wawili tu garini, kila mmoja pauni 150. Wewe una mke, watoto, jokofu la kubebeka, boksi la zana na pengine keni ya fiberglasi, yaani kifuniko kigumu cha kufunika bodi ya nyuma. Vyote hivyo vinakula uwezo wa kubeba, na uwezo wa kubeba ndio unaokwisha mapema, wakati ule wa kuvuta bado umebaki mwingi.

Kwa hiyo fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo mlango unapofungia kuna stika inayoonyesha upepo wa matairi, na juu yake pameandikwa kwa kilo na kwa pauni kwamba uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Piga picha. Usikubali kusomewa namba ya brosha, kwa sababu pikapu mbili za modeli moja na mwaka mmoja zinaweza kupishana kwa mamia ya pauni. Kibini cha milango minne, 4x4, dirisha la paa, viti vya umeme, ngazi za pembeni: kila kinachoongezwa kiwandani kinapunguza mzigo unaoruhusiwa. Ndiyo maana gari la bei ya juu mara nyingi hubeba kidogo kuliko la kawaida la kazi.

Tufanye hesabu. Chukua trela la futi 17 ambalo kiwanda kimeandika pauni 3,000 likiwa tupu. Tia galoni 20 za maji, pauni 167. Mtungi wa gesi wa pauni 20 ukijaa unafika kama pauni 37 pamoja na chuma chake. Betri, 50. Sufuria, magodoro, chakula, viti vya kukunja, mipira ya maji, nguo: pauni 450 zinafika bila mtu kuhisi. Umeshafika pauni 3,700 hivi, karibu kilo 1,680.

Asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo lazima ilalie nyuma ya pikapu, pale mkono wa trela unapokaa kwenye goroli ya kuvutia. Tuchukue asilimia 13: pauni 481. Chuma cha kuvutia pamoja na vyuma vya kusawazisha uzito, 80. Watu wanne, 500. Jumla 1,061. Kama stika inasema 1,100, umebakiwa na pauni 39, na hujapakia jokofu wala zana. Ukifunga ile keni ya fiberglasi umeshapita, ingawa pikapu yenyewe "inavuta 6,500" na trela halijafika 4,000.

Kwa familia ya watu wanne na trela la aina hiyo, ningenunua pikapu kubwa, yaani F-150, Silverado 1500, Ram 1500 au Tundra, yenye stika ya pauni 1,500 au zaidi. Tacoma, Ranger, Colorado na Frontier zinawafaa vizuri watu wawili. Ford Maverick yenye kifurushi cha kuvuta cha pauni 4,000 iachiwe matrela mepesi, ambayo yakishapakiwa hayapiti kama 2,500. Ikivuta 3,700 itatembea, lakini kila kitu kitakuwa kwenye kikomo muda wote.

Injini huzungumzwa mno kuliko inavyostahili, isipokuwa kwa mtu wa milimani. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Barabara ya I-70 magharibi ya Denver hupita kwenye handaki la Eisenhower, zaidi ya futi 11,000 juu ya bahari, na hapo theluthi moja ya nguvu imeshapotea. Yenye turbo hupoteza kidogo sana. Kwenye tambarare adui ni upepo: trela refu la mraba huzuia hewa, na kutoka maili 60 hadi 70 kwa saa utaona mafuta yanashuka na gia zinarudi chini kila mara. Kitabu cha gari kina kikomo cha eneo la mbele la trela. Kitafute, watu wengi hukiruka. Matairi mengi ya trela nayo yamepewa kikomo cha maili 65 kwa saa.

Sasa kifurushi cha kuvuta. Mtu anaona chuma cha kuvutia kimefungwa nyuma anadhani kazi imekwisha. Chungulia chini ya bampa uone plagi. Yenye pini nne ni ya taa tu. Unataka ya pini saba, kwa sababu ndiyo inayopeleka umeme wa breki za trela na wa kuchaji betri. Kisha uliza kuhusu kipoza oili ya gia. Giaboksi ya otomatiki hufa kwa joto, na joto huja pale inapobadilisha badilisha gia mlimani huku oili haipati pa kupoa. Kukiweka kipoza baadaye inawezekana, ila kwenye pikapu iliyokwisha kuvuta miaka bila kipoza, madhara yameshafanyika.

Kidhibiti cha breki za trela, kifaa kinachokaa karibu na dereva, nacho si cha kuachia. Chagua kinachopima jinsi gari linavyopungua kasi, usichukue cha bei rahisi kinachosubiri sekunde kisha kumwaga nguvu ileile kila mara. Kukirekebisha ni hivi: barabara tupu ya lami, maili 25 kwa saa, vuta kitufe cha mkono cha kidhibiti bila kugusa pedali ya breki. Trela livute gari nyuma kwa nguvu lakini magurudumu yake yasijifunge. Yakijifunga, punguza, usipohisi kitu, ongeza.

Kwa pikapu iliyotumika, ingia chini na tochi na nyundo ndogo. Magari ya Minnesota, Ohio na majimbo mengine yanayomwaga chumvi barabarani huozea kwenye chesisi, hasa karibu na springi za nyuma. Gonga: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na kumeguka. Angalia Tacoma za 2005 hadi 2010 kwa makini zaidi, kwani kutu ya chesisi zake ilifika mahakamani. Kama giaboksi ina kijiti cha kupimia, oili iliyogeuka kahawia na kunuka kuungua inatosha kukufanya uondoke. Nyaya za plagi zilizoungwa kwa utepe wa umeme ndizo zitakazokuzimia breki siku ya mvua.

Saizi ya goroli lazima ilingane na kofia ya trela, yaani kile kikombe cha mwisho wa mkono kinachoifunika goroli. Matrela mengi madogo yanatumia inchi 2. Kofia ya inchi 2 na 5/16 itakaa juu ya goroli ya inchi 2, itafungika, na kwenye tuta la kwanza itaruka. Minyororo ipishane chini ya mkono wa trela, ili ukichomoka udakwe usichimbe lami.

Trela likianza kuyumba, mara nyingi sababu ni mzigo mwingi nyuma ya ekseli, kwa hiyo mkono hauna uzito wa kutosha. Toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki ya gari, vuta kitufe cha breki ya trela taratibu. Ukisimama, hamishia mzigo mbele.

Uzito wa mkono unapimika nyumbani kwa mizani ya bafuni. Laza ubao imara: upande mmoja uegemee bomba lililo juu ya tofali, wa pili bomba lililo juu ya mizani, futi 3 kati yao. Trela likiwa limelala sawa na magurudumu yamezuiwa, shusha mkono juu ya ubao, futi 1 kutoka kwenye tofali na futi 2 kutoka kwenye mizani. Zidisha kwa 3 kile kinachosomeka: mizani ikisema 160, mkono una pauni 480. Fanya hivyo matangi yakiwa yamejaa na kabati zimepangwa, kisha rudi kwenye ile picha ya stika uhesabu upya kabla hujalipa.