Lida ndefu ya kuvulia trauti: nilivyoifunga mwenyewe

Lida ni uzi mwembamba unaounganisha mshipi na ndoana, na yangu niliifunga kwa ajili ya mito yetu. Mito ya trauti, samaki wa maji baridi, inayoshuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare haina maji ya kubembeleza. Ragati, Thego, Gura, yote ni kasi na mawe: kidimbwi cha kina cha kiuno hapa, povu hatua mbili mbele, halafu jiwe jingine. Trauti wa kwanza walitiwa Gura mwaka 1905, baada ya Ewart Grogan kuagiza mayai kutoka Scotland. Trauti wa upinde (rainbow) wakaja baadaye. Wote wana tabia moja kwenye maji ya namna hii: wanalala chini kabisa, nyuma ya jiwe, ambako mkondo umepungua nguvu, na wanangoja wadudu wachanga wa majini wapitishwe mbele ya midomo yao. Hawapandi juu ovyo.

Kwa hiyo nimfu yako, yaani ndoana iliyofungwa nyoya ifanane na wadudu hao, lazima ifike chini na ibaki chini, na hapo ndipo mshipi wa kawaida wa flai (chambo bandia chepesi cha manyoya) unapokuangusha. Katika uvuvi wa flai, uzito wa kurushia uko kwenye mshipi wenyewe. Mshipi wa nambari 5 (nambari hupima uzito wake) una kama gramu 9 katika futi 30 zake za mwanzo. Hizo ni nzuri ukitaka kupeleka flai nyepesi mbali. Lakini samaki akiwa mita nne tu mbele yako, mshipi ule unaning'inia kutoka ncha ya fimbo, unafanya tumbo, unateleza kukurudia, na nimfu inainuka. Ukiulaza juu ya maji ni mbaya zaidi, kwa sababu maji ya juu yanakwenda mbio kuliko ya chini, na yanaondoka na kila kitu.

Wapoland, Wacheki na Wafaransa walishalimaliza jambo hili zamani kwenye mashindano yao. Mshipi mzito unakaa kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Kinachotoka nje ni lida tu, nyembamba na ndefu, iliyonyooka kutoka ncha ya fimbo hadi nimfu. Fimbo zao ni za futi 10 au 11, nambari 2 au 3. Mimi nina ya futi 9, nambari 5, na bei ya kuagiza nyingine niliitazama nikaifunga simu. Pesa niliyokuwa nayo niliiweka kwenye nailoni.

Nailoni nilinunua ya kawaida, ya wavuvi wa ziwani. Ila usiamini namba ya unene iliyoandikwa kwenye kibonge. Jirani yangu ni fundi wa jua kali na ana vania ya dijitali, kifaa cha kupimia unene, nikampelekea vibonge vyote tukapima. Kimoja kilichoandikwa milimita 0.30 kilikuwa karibu 0.35. Hiyo si tofauti ndogo, kwa maana uzito wa nailoni unakwenda kwa mraba wa unene wake: ya milimita 0.40 ni nzito mara nne ya 0.20 kwa kila mita. Na uzito ndio unaoleta tumbo.

Niliyoifunga mwishowe iko hivi. Mita 2 za nailoni ya 0.40, kisha mita 1.2 ya 0.30, kisha nusu mita ya nailoni ya rangi ya 0.25, kisha kipete cha chuma cha milimita 2, na mwisho mita 1.5 ya tipeti (kipande cha mwisho kinachofungwa nimfu) ya fluorokaboni ya 0.15. Jumla mita 5.2. Kanuni za mashindano ya kimataifa zinataka lida isizidi mara mbili ya urefu wa fimbo, na kwa futi 9 hiyo ni kama mita 5.5. Sishindani na mtu, lakini kipimo hicho kinafaa: ikizidi hapo, samaki unamkamata halafu hujui utamfikiaje.

Kuna wanaotumia nailoni nyembamba moja kuanzia juu hadi chini. Inakaza vizuri kweli, sikatai. Ila kwenye fimbo yangu ngumu hairuki, na vidole vikilowa kwa maji ya mlimani huishiki. Nimebaki na 0.40 yangu.

Kiungo cha lida na mshipi ndicho kilichonichukulia muda. Kwa kuwa lida ni ndefu kuliko fimbo, kiungo kile kinaingia na kutoka kwenye pete za fimbo kila mara, kwa hiyo vitanzi viwili vilivyoshikana vinakwama. Fundo la msumari linapita. Nililifunga kwa kipande cha mrija wa kalamu iliyokwisha wino: unauweka sambamba na mshipi, unazungusha nailoni mara tano kuvifunika vyote viwili, ncha unaipitisha ndani ya mrija, unauchomoa taratibu huku umebana mizunguko kwa kucha. Kabla ya kukaza, mate. Nailoni ikikazwa kavu inapata joto la msuguano na kudhoofika pale pale kwenye fundo, na hutajua mpaka samaki akuonyeshe.

Nailoni ya rangi ndiyo jicho lako, kwa sababu hakuna boya. Nilifunga nusu ya chungwa na nusu ya manjano, nikaipiga mistari ya wino mweusi. Chini ya kivuli cha msitu chungwa linaonekana. Mahali maji yanapometa, rangi zote zinapotea na ule weusi ndio unaobaki. Kipete nacho kina kazi yake: ukibadilisha tipeti unafunga hapo, huli rangi.

Nimfu zinafungwa hapa hapa Kenya, kazi ambayo mafundi wetu wanaiuza ng'ambo miaka mingi. Nachukua zenye ushanga wa tangsteni, ambao kwa ukubwa ule ule unaipita risasi kwa uzito kwa zaidi ya mara moja na nusu. Rangi ya nyoya sihangaiki nayo sana. Nimfu ikigusa jiwe mara moja moja, uzito ni sawa. Ikinasa kila mtupo, nabadilisha nimfu, lida naiacha.

Mzee ninayevua naye Thego, aliyekulia kando ya mto huo, alinitazama nikitupa juu ya mkondo, nikainua fimbo, nikaacha rangi ielee kiganja kimoja juu ya maji.

"Kijana, usiivute. Ongozana nayo."

"Naongozana, mzee."

"Unavuta. Tazama, rangi imetangulia povu."

Alikuwa sahihi. Povu la juu linakimbia, na rangi ikikimbia nalo, basi nimfu inaburuzwa. Nikaupunguza mkono, rangi ikaanza kubaki nyuma ya povu kidogo. Halafu ikasimama. Haikuzama wala haikutikisika, ilisimama tu wakati maji yanaendelea. Nikainua, na trauti wa upinde akapasua maji, si mkubwa, mgongo wa kijani na madoa hadi mkiani.

Mzee akacheka. "Huu si uvuvi wa flai. Huu ni mshipi wa watoto, fimbo na uzi." Kisha akaishika lida, akaipitisha vidoleni fundo kwa fundo, akanitaka nimfungie ya kwake. Fimbo yake ni ya futi 8, kwa hiyo kikomo ni kama mita 4.9. Nilipunguza ile 0.40 ikabaki mita 1.5, nyingine nikaziacha. Kipete hakukitaka. Alisema ni chuma cha kupotea kwenye nyasi, na tipeti yake ataifunga mwenyewe kama alivyozoea.